Mama Aliyeambiwa Alete Mlezi

Nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika juu ya barabara ya Moba, na wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua jinsi barabara hiyo inavyonitia hasira, simu ya mke wangu ilipolia. Alisikiliza, akakaa chini, akaniambia kwamba yule Mama mkunga amefariki hospitalini alfajiri hiyo. Figo zake zilikuwa zimemsumbua tangu mvua zianze, na sote tulijua kwamba hali si nzuri, lakini kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Nikaiacha barabara ya Moba pale ilipo. Haiendi popote, na wanaoitumia hawaendi popote pia.

Mchana nilikwenda kwenye matanga. Turubai lilikuwa limekwisha kufungwa uani, wanawake wamekaa ndani na mwili, sisi wanaume nje kwenye viti vya plastiki. Sikuwa nimemaliza hata kikombe cha chai nilipomsikia mzee mmoja, aliyewahi kuwa mtu mkubwa kwenye forodha ya bandarini, akiwaeleza jirani zake sababu ya kifo. Hakusema figo. Alisema: “Masomo njo ilimuua. Muntu wa miaka ile, mujukuu anamungoja ku nyumba, anaenda kukaa na batoto anaandika andika. Kichwa inachoka, damu inapanda. Ningekuwa ndugu yake, ningemukataza.” Na watu, watu wazima wenye akili zao, wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaongeza kwamba angepumzika tu, angekula pensheni yake taratibu. Pensheni gani? Nani katika mji huu amewahi kuila taratibu? Niliweka kikombe chini ili nisiseme neno ambalo halifai kusemwa mahali pa msiba. Ninalisema hapa.

Marehemu alizaliwa Pepa, juu kule Marungu, katika nyumba ya mchungaji wa ng’ombe. Aliteremka ziwani akiwa msichana, akasomea uuguzi, akabaki Kalemie kuzalisha wanawake mpaka mvi zikamtoka. Kwangu amepokea watoto wote watatu. Hakuwa mtu mpole, na sitamfanya mpole leo kwa sababu amekufa. Siku mke wangu alipokuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, mimi nikizunguka mlangoni na kuuliza maswali, alitoka akaniambia: “Papa, enda utuletee sabuni, haraka.” Nilikimbia mpaka sokoni, nikarudi na sabuni, nikakuta ana boksi zima la sabuni dirishani na mtoto amekwisha kuzaliwa. Hakuniomba radhi. Alisema sasa ninaweza kuingia, kwa kuwa nimepata kazi ya mikono na moyo umetulia.

Jambo lililomkera maisha yake yote ni maziwa ya unga. Kila siku alikuwa akiwaona akina mama wakitoka dukani na kopo lililovuka bahari na mipaka, hali yeye alikulia kwenye nyanda zenye ng’ombe, upande wa kusini wa mkoa huuhuu. Mgongo ulipoanza kumkatalia kazi ya kusimama, na watoto wake wakiwa wamekwisha kujitegemea na mumewe amekwisha kutangulia, aliacha uuguzi akaamua kuleta maziwa. Mdogo wake aliyebaki Pepa alikama, akayatia kwenye bidoni za plastiki, akayateremsha kwa pikipiki hadi Moba, na kutoka Moba yakapanda boti. Au yangepanda. Boti ilikuwa imeharibika mashine. Ilipofika hapa, maziwa yalikuwa yamekwisha kuganda, na harufu yake iliwafanya wachukuzi wa bandarini wazibe pua. Alijaribu tena, yakaoza tena. Mji ukamcheka kidogo, kwa upole, kama tunavyojua kucheka, tukamwambia kwamba biashara ina wenyewe.

Yeye akafikiria jambo lingine kabisa. Alikuja barazani kwangu jioni moja, akakataa soda, akasema: “Papa, miye sikuanza kuzalisha kwa kujaribu. Balinifundisha kwanza, tena balinifundisha kwa fimbo. Kama ningejaribu tu, ni bamama wangapi wangekufa? Sasa biashara, juu ya nini niingie vile vile, kama kipofu? Nataka kusoma.” Nilimwuliza kusoma wapi. Akanitajia chuo kinachofundisha biashara na uongozi wa makampuni, pale pale mjini. Alikuwa amekwisha kupita hamsini. Nakumbuka nilitafuta hoja ya kumpinga, kwa kuwa kupinga ndiyo kazi yangu, na sikuipata.

Chuo chenyewe sitakitaja. Vyuo vyetu vinafanana, na wengine wangedhani nasema juu ya chao, na huenda wangekuwa na haki. Nitasema tu kwamba kwenye ukuta wake, kwa rangi ya buluu na herufi kubwa, wameandika kwamba elimu ni bahari. Mama alipita chini ya maneno hayo, akaingia ofisi ya kuandikisha, na kijana wa mle ndani akampa fomu. Akaijaza yote isipokuwa mstari mmoja wa sahihi, akairudisha. Kijana akaitazama.

“Mama, hapa inakosa sinyatiri ya muzazi ao mulezi.”

“Muzazi wa nani?”

“Wa mwanafunzi.”

“Mwanafunzi njo miye.”

Kijana akamtazama, akaitazama fomu, akamtazama tena. “Hata hivyo, Mama. Bila ile sinyatiri, dosie haipite.”

“Baba yangu alizikwa Pepa mbele ya wewe kuzaliwa. Mama yangu vile vile.”

“Basi mulezi.”

Huyu kijana hakuwa na ubaya. Alikuwa amefundishwa kwamba kila nafasi kwenye karatasi lazima ijazwe, na hakuna aliyemfundisha kwamba karatasi inaweza kuwa na upumbavu ndani yake. Nilipopigiwa simu nilikuwa kwa kinyozi. Nilifika na nusu ya kichwa, nikidhani kuna ajali, nikamkuta amekaa kwenye benchi, mkoba magotini, uso umekunjamana. “Papa,” akasema, “weka sinyatiri. Kuanzia leo wewe njo mulezi wangu.” Mimi ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Mtu huyu alinituma sabuni. Niliandika jina langu chini ya neno mlezi, kijana akagonga muhuri, na dosie, yaani faili lake, ikapita. Nilirudi kwa kinyozi nikiwa na hasira kiasi kwamba alisita kunikaribia na wembe.

Kisha ikaja barua ya kueleza kwa nini anataka kusoma. Aliniletea niisahihishe, nami, kwa kuwa watu hunisifu kwa maneno yangu, nikaipamba. Nilitia ndani kiu ya maarifa isiyozimika. Nilitia ndani maendeleo ya jimbo na nafasi ya mwanamke. Aliisoma akiwa amesimama, akaweka kidole kwenye mstari. “Hii kiu ni ya nani? Miye sina kiu. Miye niko na maziwa yanayooza.” Akafuta karibu yote. Kilichobaki kilikuwa kifupi na kikavu: amefanya kazi ya kuzalisha miaka mingi, amejaribu kuuza maziwa ameshindwa, anataka kujua alishindwa wapi. Nilimwambia kwamba barua kama hiyo haitampeleka popote. Tulibishana mpaka mke wangu akatuletea chakula ili tunyamaze.

Akaitwa mbele ya walimu watatu. Watu wa mjini wanapenda kusimulia kwamba mmoja wa wale walimu alikuwa mtoto aliyemzalisha mwenyewe, na kwamba alimtambua, na kwamba mwalimu akalia. Si kweli. Wote watatu walitoka mbali, hakuna aliyemjua, na hakuna aliyelia. Wa kwanza alimwuliza mume wake anasemaje. Akajibu kwamba mume wake yuko makaburini na mpaka leo hajasema kitu. Wa pili alimwuliza kama ataweza kukaa darasani na watoto. Akajibu kwamba amekaa na watoto wakiwa hawajavaa hata nguo. Wa tatu akamwuliza: “Mama, hauone kama unakamata nafasi ya kijana, mwenye angeweza kutumika kazi miaka mingi?” Hapo alikwama. Alinieleza mwenyewe, bila kujitetea. Alifikiri juu ya vijana wote waliojaa mitaani na diploma zao, akajibu: “Sijui.”

Walipobandika majina ya waliopokelewa, lake halikuwemo. Binti yake mkubwa alipiga simu kutoka Lubumbashi, akasema kwamba ni afadhali, kwamba watu walikuwa wameanza kumwuliza kama mama yake ni mzima. Akina mama wa kanisani walimwambia kwamba miaka hii ni ya rozari. Shemeji yake alimshauri afuge kuku. Kila mtu alikuwa na shughuli ya kumpa, na zote zilikuwa za kukaa. Kwa majuma kadhaa hakuja kwangu kugombana, nami nilikaa barazani nikiwaza jinsi tulivyopanga maisha kama vyumba vya gereza: huyu wa kusoma, huyu wa kufanya kazi, huyu wa kungoja kufa, na ole wake atakayegonga mlango wa chumba kisicho chake. Mtu wa miaka hamsini akitaka kuoa mke wa pili hatumwulizi atamfaidi kwa muda gani. Akitaka kugombea ubunge tunampigia makofi. Akitaka kufungua kitabu, tunamwitia daktari.

Mwaka uliofuata alirudi. Hakuniambia. Alikwenda asubuhi ya kawaida, amevaa kitenge cha nyumbani, akaomba kumwona mkuu wa chuo, akaketi kungoja mpaka akaonwa. Aliyokwenda kusema alikuwa ameyapika mwaka mzima, na jioni alinirudia nayo neno kwa neno, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. “Nilimwambia: mwaka uliopita mulinifanya niseme sijui. Leo najua. Kama kuko kijana mwenye nilikamata nafasi yake, mumwite hapa, nitaongea naye miye mwenyewe. Lakini nimepita ku madirisha ya darasa yenu, Papa Mkuu. Nimeona meza hazina watu. Zile meza zinamungoja nani?”

“Akasema nini?”

“Akacheka. Kisha hakucheka tena. Akaniuliza juu ya nini maziwa yalioza.”

Walizungumza maziwa, yeye na yule mkuu, mpaka watu mlangoni wakaanza kukohoa. Akapewa fomu. Na ndiyo, msomaji wangu, mstari ulikuwa bado upo. Mwaka mzima ulikuwa umepita, mtu alikuwa amezichapa fomu mpya, na hakuna aliyeuondoa. Niliweka sahihi tena.

Nisiwadanganye kwamba alipofika darasani aling’aa. Takwimu zilimshinda, akairudia mitihani yake yote ya somo hilo. Magoti yalimuuma kwenye ngazi. Umeme ukikatika, na ninyi mnajua unavyokatika, alikuwa akisoma kwa taa ya simu mpaka simu nayo inazima, kisha anakuja kwetu kuilaumu serikali kana kwamba mimi ndimi serikali. Alikuwa akinipigia wakati nimelala mchana kuniuliza neno fulani la Kifaransa lina maana gani kwa Kiswahili cha watu, nikimjibu ananiambia sivyo, anakata simu. Alinichosha. Lakini somo la hesabu za biashara alilipenda kama vile mtu anavyopenda kuambiwa ukweli baada ya kudanganywa muda mrefu. Ni kwenye somo hilo alipoelewa alichokuwa amefanya. Alikuwa amefunga safari yake yote kwenye kitu kisichoweza kusubiri, katika nchi ambayo kila kitu husubiri. Boti husubiri mashine, pikipiki husubiri mvua ikatike, gari husubiri daraja. Maziwa hayasubiri. Akarudi Pepa wakati wa likizo, akakaa na mdogo wake, wakatafuta mzee aliyewahi kufanya kazi ya jibini kwenye mashamba ya ng’ombe, wakajifunza. Jibini ilipanda pikipiki, ikapanda boti, boti ikachelewa kama ilivyo desturi, na jibini ikafika salama. Nilikuwa bandarini siku hiyo. Alifungua kifurushi pale pale kwenye magunia, akanusa, akanikatia kipande kwa kisu cha mchukuzi. “Kula, Papa. Hii haina haraka.” Ilikuwa na chumvi nyingi mno. Nilimwambia. Alisema analijua hilo, na kwamba itakayofuata itakuwa na chumvi kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona anacheka kwa sauti.

Haikumtajirisha. Ninalisema mapema, kabla mzee wa forodha hajaniuliza. Wateja wake walikuwa wachache: hoteli mbili tatu, masista, na watu wa mtaani walionunua kipande cha Jumapili. Lakini mdogo wake kule juu amepata sababu ya kubaki na ng’ombe wake, na mkwe wa marehemu ndiye anayeuza hapa mjini mpaka leo. Kilichokuwa kimebaki ni kazi yake ya mwisho ya chuo, ambayo alitaka kuiandika juu ya jibini hiyo hiyo, ugonjwa ulipomlaza.

Nilimtembelea hospitalini juma moja kabla hajafariki. Wanafunzi wenzake walikuwa wakimletea masomo, na alikuwa na hasira na daktari aliyemwambia ayaweke pembeni. Uso ulikuwa umevimba, sauti ilikuwa ileile. Alijua kazi yangu, na alijua kwamba siwezi kuona mtu anakufa bila kuanza kutafuta sentensi ya kwanza. “Usiandike kwamba nilikuwa shujaa,” akaniambia. “Sipendi. Andika kwamba fomu yao ni mubaya, baibadilishe.” Nikamwahidi. Basi wahusika wasome: fomu yenu ni mbaya. Ibadilisheni.

Tuirudie ile siku ya matanga, kwa kuwa haikuishia kwenye maneno ya mzee yule. Alasiri waliingia wanafunzi wenzake, vijana wa kike na wa kiume, mashati meupe, wamechanga na kuja na kreti za maji na unga. Walikaa chini mbele yetu. Mzee wa forodha, ambaye hanyamazi, akamwuliza msichana mmoja: “Mutoto, useme kweli. Yule Mama alikuwa nyuma yenu, ao sivyo? Alikuwa anawachelewesha.”

Msichana alikuwa amelia. Alijibu kwa heshima. “Hapana, Papa. Hakuwa nyuma, hakuwa mbele. Alikuwa katikati. Statistiki ilimushinda. Hesabu alitushinda sisi wote. Na ku mutihani hakutuacha tumutazamie karatasi yake, hata tukimulilia. Alisema, muntu anayetazamia kwa mwenzake siku moja ataua mugonjwa.” Kisha akasita, akasema jambo ambalo nadhani hakulipanga. “Sisi tulienda kwa sababu bazazi balisema twende. Yeye peke yake njo alijua anatafuta nini.”

Mzee alijikuna shingo. Sidhani alibadilika; watu hawabadiliki kwa kujibiwa. Ila mimi nilibaki na maneno ya yule msichana, na tangu siku hiyo yananisumbua zaidi ya barabara yoyote. Tunao vijana mamia wanaoingia vyuoni kila mwaka bila mtu kuwauliza kwa nini. Hatuwaulizi, kwa kuwa umri wao unawajibia. Wanasoma biashara kwa sababu nafasi ya sheria ilijaa, au kwa sababu mjomba ana jamaa kwenye benki. Halafu anakuja mtu mmoja mwenye swali lake mkononi, lililomgharimu usingizi, na huyo ndiye tunayemsimamisha mbele ya watu watatu ajieleze. Huyo ndiye tunayemtafutia mlezi.

Najua wako wengine. Ninapata ujumbe wenu. Yuko mwalimu anayetaka kujifunza umeme, yuko fundi wa reli aliyechoka kungoja treni, yuko mama wa sokoni anayetaka kusoma sheria kwa sababu amechoka kudanganywa kwa maandishi. Mnaniuliza kama hamjachelewa, nami nilikuwa nikiwajibu kwa upole, maneno ya kutia moyo, yasiyomsaidia mtu. Leo nina jibu lenye faida zaidi, na ninawapa kwa hasira. Mtalaumiwa. Mkisoma, watasema masomo yamewaua. Msiposoma, watasema uvivu umewaua, au wivu, au mchawi. Kitu kitawaua kwa hakika, na wao watakunywa chai na kukitaja kwa jina lisilo lake. Kwa kuwa lawama hiyo imekwisha kuandaliwa na haiwezi kukwepwa, msiipe hata siku moja ya maisha yenu. Nendeni mkaulize fomu Jumatatu. Na wakiwaambia mnakosa mlezi, nipigieni simu. Mkono wangu umezoea.